Kura Moja, Watu Wawili

Ndugu zangu, fungueni Katiba. Ichukueni ile ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, mwende Ibara ya 37, kisha ya 47, kisha ya 50, mzisome kwa sauti sebuleni, watoto wakisikia. Someni kama mnavyosoma maandiko, kwa utulivu, mkirudia pale mlipokwama. Humo mtamkuta mtu mliyempigia kura bila kumtazama usoni. Ni Makamu wa Rais, na leo ninawaita mumtazame.

Kila uchaguzi mkuu tunapanga foleni tangu alfajiri. Tunaingia kwenye kituturi, tunatia alama moja kwenye karatasi ya urais, kisha tunatoka tukisema tumemchagua fulani. Hiyo ni nusu ya ukweli. Alama ile moja imewachagua wawili. Katiba inaagiza mgombea mwenza apendekezwe na chama kile kile, wakati ule ule anapopendekezwa mgombea urais, na wapigiwe kura pamoja. Wa kwanza akishinda, wa pili naye ameshinda. Hakuna karatasi nyingine ya kumkataa. Ukimkubali mmoja umembeba na mwenzake, na huyo mwenzake anaweza siku moja kukuongoza miaka mitano kasoro miezi, bila wewe kurudi kituoni.

Msiniambie hilo ni jambo la mbali. Tumelipitia sisi wenyewe, na machozi yake tumeyafuta kwa mikono yetu.

Tarehe 5 Novemba 2020 Rais John Pombe Magufuli aliapishwa kwa kipindi cha pili. Mwishoni mwa Februari 2021 akaacha kuonekana hadharani. Mnazikumbuka siku zile: minong'ono kwenye daladala, ujumbe wa simu ukisambazwa usiku, watu wakitazama taarifa ya habari kuona kama atatokea. Zanzibar ilikuwa bado na msiba wake, maana tarehe 17 Februari ilimpoteza Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Visiwani. Mwezi mmoja baadaye, usiku wa Jumatano ya tarehe 17 Machi, Makamu wa Rais wa Muungano, Samia Suluhu Hassan, alitokea kwenye televisheni akatutangazia kwamba Rais amefariki dunia katika Hospitali ya Mzena, Dar es Salaam, kwa maradhi ya moyo. Ijumaa ya tarehe 19, Jaji Mkuu Ibrahim Juma akamwapisha Ikulu kuwa Rais wa sita.

Siku mbili hazikutimia! Hakuna kifaru kilichotoka kambini. Hakuna redio iliyotekwa, wala wakubwa waliofungiana ukumbini wakigombania kiti huku marehemu hajazikwa. Sentensi chache za Ibara ya 37, zilizokuwa zimelala kwenye karatasi miaka yote hiyo, ziliinuka zikaibeba nchi. Mshukuruni Mungu kwa hilo, nami namshukuru pamoja nanyi.

Lakini sasa nijibuni mbele ya dhamiri zenu. Mwaka 2020, kampeni zilipopita kijijini kwenu, ni nani kati yenu aliyeuliza mgombea mwenza ana mawazo gani juu ya kodi, juu ya magereza, juu ya magazeti yaliyofungiwa, juu ya ugonjwa uliokuwa ukitisha dunia? Hatukuuliza. Tulidhani mawazo yake ni yale yale ya aliyesimama mbele yake. Kumbe alikuwa na yake. Hazikupita wiki nyingi akaunda kamati ya wataalamu kuhusu UVIKO-19; mwezi Julai 2021 chanjo zikaanza kutolewa, na yeye mwenyewe akachanjwa mbele ya kamera. Mwezi Novemba serikali ikawafungulia milango ya shule wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito, jambo ambalo mtangulizi wake alikuwa amelikataa waziwazi. Chama ni kile kile, ilani ni ile ile, kura ni ile ile moja. Mtu wa pili akaingia, na maisha ya binti wa darasa la saba au wa kidato cha pili yakachukua njia nyingine. Uwe ulifurahia mabadiliko hayo au ulihuzunika, hukuyapigia kura kwa kujua, na hilo ndilo linalonikera.

Basi tumtazame huyu mtu katika maneno ya Katiba yenyewe. Ibara ya 47 inamwita msaidizi mkuu wa Rais kwa mambo yote ya Jamhuri ya Muungano. Inampa kazi tatu. Amsaidie Rais kufuatilia siku hadi siku utekelezaji wa Mambo ya Muungano. Afanye kazi zote atakazoagizwa na Rais. Na afanye kazi za Rais pale Rais anapokuwa hayupo kazini au yuko nje ya nchi. Leo hii Rais akipanda ndege, mamlaka hayabaki yakielea hewani. Yanashikwa na Makamu, na Makamu asipokuwepo, yanashikwa na Waziri Mkuu. Na Rais akiugua kiasi cha kushindwa kazi, zipo hatua: Baraza la Mawaziri linapeleka azimio kwa Jaji Mkuu, Jaji Mkuu anateua bodi ya madaktari bingwa, na Makamu anakaa tayari. Kifo, kujiuzulu, kupoteza sifa, maradhi yasiyomruhusu kufanya kazi: kwa lolote kati ya hayo kiti kikiwa wazi, Makamu anaapishwa na kumaliza muda uliobaki. Ukiwa muda huo ni miaka mitatu au zaidi, Ibara ya 40 inamruhusu kugombea tena mara moja tu. Ukiwa chini ya hapo, mara mbili.

Oneni pia jinsi kiti chake kilivyofungwa kwa kamba imara kuliko vingine. Waziri anaweza kulala waziri akaamka raia wa kawaida, kwa taarifa moja ya Ikulu iliyotoka saa sita usiku. Makamu wa Rais hafutwi kazi hivyo. Ameingia kwa kura za wananchi, na kumwondoa kunataka azimio la Bunge. Hapo ndipo ninapowasihi Makamu wote, waliopo na watakaokuja: ninyi hamkuajiriwa na Rais. Mnamsaidia Rais, mnamtii katika kazi alizowapa, lakini waliowaweka hapo ni watu wa Tandahimba na Mkoani, wa Karagwe na Kizimkazi. Mnapokuwa faraghani naye, mwambieni kweli hata kama inauma. Kikiwapo kiti kimoja serikalini ambacho mtu anaweza kukikalia na kusema hapana bila kuogopa tangazo la usiku, ni hicho chenu.

Lakini upande wa pili wa Ibara ya 47 unatisha. Inasema Makamu atafanya kazi chini ya uongozi na usimamizi wa Rais, na atawajibika kwake kwa kila alichokabidhiwa. Rais akimkabidhi mengi, atakuwa na mengi. Akimkabidhi machache, atabaki kufungua makongamano na kukata utepe, huku mshahara na msafara vikiendelea. Hata lile jukumu kubwa la Muungano limewekwa kwa neno la kufuatilia. Afuatilie, kisha? Wizara ikikaidi, je? Taasisi ya Bara ikigoma kugawana na Zanzibar kinachopaswa kugawanywa, atailazimisha kwa kifungu gani? Katiba imenyamaza.

Wakristo na Waislamu wote mnayajua ya Nabii Musa. Aliomba apewe ndugu yake Harun amsaidie mzigo, akapewa. Kisha Musa akapanda mlimani, Harun akaachiwa watu, na watu wakamlemea hadi ndama wa dhahabu akasimama katikati ya kambi. Harun alikuwa na heshima ya msaidizi. Alipobaki peke yake watu hawakuiona nguvu ya kuwazuia. Mlima wetu ni safari za Rais, maradhi ya Rais, kifo cha Rais. Tunapomwachia msaidizi jina pasipo nguvu, tunamwachia pia kambi isiyomsikia.

Waliotutangulia walilijua hilo, na walihangaika nalo. Muungano ulipozaliwa tarehe 26 Aprili 1964, Sheikh Abeid Amani Karume, aliyekuwa Rais wa Zanzibar, ndiye aliyekuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Muungano, na Rashidi Kawawa akawa Makamu wa Pili. Mzanzibari mkubwa kuliko wote alikaa kwenye meza ya Muungano kwa haki yake, bila kualikwa. Karume alipouawa tarehe 7 Aprili 1972, Aboud Jumbe alirithi viti vyote viwili. Januari 1984 Jumbe alijiuzulu, Dodoma, katika kikao cha chama, baada ya kushikwa na mawazo yake juu ya muundo wa Muungano. Mtu wa pili kwa madaraka nchini aliondoka kwa sababu alitaka lijadiliwe jambo ambalo Katiba ilimweka pale alishughulikie. Nafasi yake visiwani ikachukuliwa na Ali Hassan Mwinyi, ambaye mwaka uliofuata akawa Rais wa Muungano.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, swali likaibuka ambalo halikuwa na pa kujificha. Itakuwaje chama kimoja kikishinda urais wa Muungano na kingine kikashinda urais wa Zanzibar? Mpinzani wa Rais atakuwa Makamu wake? Mabadiliko ya kumi na moja ya Katiba, ya mwaka 1994, yalijibu kwa kuleta mgombea mwenza: Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu atoke upande wa pili. Rais wa Zanzibar akavuliwa umakamu, akabaki mjumbe wa Baraza la Mawaziri la Muungano. Nasema kwa moyo wote, jibu lile lilitupa utulivu mwaka 2021. Nasema pia lina deni ambalo Wazanzibari hawajaacha kulidai. Kabla ya hapo sauti ya Zanzibar kwenye kiti cha pili iliwekwa na Zanzibar. Baada ya hapo imewekwa na mkutano mkuu wa chama, na chama chenyewe ni cha nchi nzima. Ndiyo maana mgombea mwenza wa upande wa pili akichaguliwa kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa pekee, kanuni ile ya 1994 inafuatwa kwa herufi na kuvunjwa kwa roho yake.

Tangu mwaka 1995 wamepita wengi: Dkt. Omar Ali Juma, aliyefariki akiwa kazini Julai 2001, Dkt. Ali Mohamed Shein aliyempokea ndani ya siku chache, na baadaye akawa Rais wa Zanzibar; kisha Dkt. Mohamed Gharib Bilal. Samia Suluhu Hassan. Na mwaka 2021, Rais alipotoka Zanzibar kwa mara ya kwanza tangu kanuni hiyo iwekwe, Dkt. Philip Mpango kutoka Kigoma, aliyethibitishwa na Bunge kwa kura zote za ndiyo. Si watu wadogo hao. Chini ya ofisi yao liliwekwa suala la mazingira, na mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, wizara iliyosimamia ilikuwa ndani ya Ofisi ya Makamu wa Rais. Nendeni sokoni leo mkaone vikapu na mifuko ya kitambaa iliyorudi mikononi mwa akina mama. Makamu pia ndiye mwenyekiti wa kamati ya pamoja ya serikali mbili iliyoanza mwaka 2006 kushughulikia kero za Muungano. Ofisi ikipewa kazi ya kweli, kazi inaonekana.

Majirani zetu nao wametupa mafundisho ambayo wameyalipia. Kenya, mwaka 1976, Mzee Kenyatta akiwa amezeeka, wakubwa fulani walianza kampeni ya kubadili Katiba ili Makamu, Daniel arap Moi, asikalie kiti japo kwa zile siku 90 zilizowekwa na sheria. Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo akawanyamazisha kwa onyo kwamba kuwaza kifo cha Rais ni kosa la jinai. Moi akaingia Agosti 1978. Na Moi huyo huyo, aliyeokolewa na kiti kile, alikiacha kitupu zaidi ya mwaka mzima tangu mwanzo wa 1998, kwa sababu Katiba ya wakati ule ilimwachia Rais kuteua na kufuta apendavyo. Wakenya walijifunza. Katiba yao ya 2010 ikamweka Naibu Rais kwenye kura moja na Rais, na Oktoba 2024 Rigathi Gachagua hakuondolewa kwa karatasi ya Ikulu. Ilibidi ashtakiwe Bunge la Taifa, kisha ahukumiwe na Seneti mbele ya macho ya nchi.

Malawi walipita karibu zaidi na moto. Joyce Banda alichaguliwa mwaka 2009 pamoja na Bingu wa Mutharika. Wakagombana, chama kikamfukuza, lakini kiti hakikuweza kumtoka kwa kuwa alipewa na wapiga kura. Mutharika alipofariki tarehe 5 Aprili 2012, mwili ukasafirishwa Afrika Kusini, na mawaziri wakasimama mbele ya kamera kudai kwamba mwanamke huyo hawezi kurithi maana ana chama chake. Jeshi lilisimama upande wa Katiba. Tarehe 7 Aprili akaapishwa. Fikirieni kama Katiba ya Malawi ingekuwa na neno moja la utata mahali hapo!

Sasa nawageukia ninyi mlio na kalamu za kuandika sheria. Tarehe 2 Oktoba 2014 Bunge Maalumu lilipitisha Katiba Inayopendekezwa, na ndani yake waliwekwa Makamu watatu: mgombea mwenza, Rais wa Zanzibar, na Waziri Mkuu. Kura ya maoni haikufanyika, na siku mjadala huo utakapofunguliwa nawaomba msirudie hesabu ya viti. Viti vitatu visivyo na nguvu havitamfaa mwananchi kuliko kimoja chenye nguvu. Andikeni kwamba Makamu akitoa uamuzi juu ya Jambo la Muungano, wizara inafungwa nao hadi Rais mwenyewe aubatilishe kwa maandishi na kwa sababu. Andikeni kwamba kila mwaka atasimama mbele ya Bunge na mbele ya Baraza la Wawakilishi kueleza kero ipi imekwisha, ipi imekwama, na nani ameikwamisha. Andikeni kwamba Rais akiwa hawezi kufanya kazi, wananchi waambiwe ndani ya muda uliotajwa, ili pasiwepo tena na wiki za minong'ono kama zile za Machi 2021. Hayo hayampunguzii Rais hata ukucha. Yanampa msaidizi aliye na mikono.

Na ninyi viongozi wa vyama, vyote, tawala na pinzani: acheni kumtaja mgombea mwenza dakika za mwisho, ukumbini, wajumbe wakipiga vigelegele kabla jina halijamalizika kutamkwa. Mnatukabidhi mtu anayeweza kuwa Amiri Jeshi Mkuu. Mleteni mapema. Mwekeni kwenye mdahalo na wenzake wa vyama vingine, peke yake, bila mgombea urais wa kumkinga. Apimwe.

Nanyi wapiga kura wenzangu, nimewasikia vijiweni mkisema makamu ni tairi la akiba tu. Haya, na iwe hivyo! Ni nani kati yenu atakayepanda basi la kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma akiambiwa kwamba tairi la akiba halijakaguliwa na mtu yeyote? Mngeshuka wote stendi. Mbona nchi nzima tunaipakia hivyo, na wagonjwa wetu, na watoto wetu?

Amkeni, ndugu zangu. Katiba tafuteni, azimeni kwa mwalimu, kwa diwani, kwa wakili wa mjini kwenu, msomeane ibara zile tatu, ya 37, ya 47 na ya 50, msikitini baada ya darsa, kanisani baada ya ibada, kwenye vikoba, kwenye vijiwe vya bodaboda. Mwaka 2030 mgombea mwenza atakapofika uwanjani kwenu, iwe Nachingwea au Chake Chake, Geita au Makunduchi, msimpokee kwa ngoma peke yake. Nyosheni mikono mumuulize mbele ya watu: ukiapishwa kuwa Rais kesho, utaendeleza nini na utaacha nini? Kero ipi ya Muungano utaimaliza, na kwa njia gani? Ni lini uliwahi kumwambia mkubwa wako kwamba amekosea? Akiwajibu kwa kweli, mpimeni kwa majibu yake. Akikwepa, wanyimeni kura wote wawili.